Mtoto Akipotea Amu: Maji Kwanza, Gati Pili, Simu Baadaye

Amu, yaani Lamu, ni kisiwa. Mtoto aliyepotea Mombasa anaweza kuwa ameshabadilisha matatu mbili kabla mamake hajamaliza kumtafuta uani, lakini mtoto aliyepotea Amu hatoki bila kuvuka maji. Jambo hilo moja ndilo la kupangia kila hatua. Hatari iliyo karibu naye zaidi ni maji yenyewe, na mwenye nia mbaya, kama yupo, njia yake ni chombo. Hofu hutupeleka kinyume. Mtu wa kwanza hushika simu, hutuma sauti kwenye makundi, na robo saa haijapita mji mzima unasaka mtu mwenye gunia, ilhali hakuna aliyetia mkono kwenye birika la maji la chooni wala aliyeshuka gatini.

Dakika kumi za kwanza

Simama mlangoni, mwite mtoto kwa jina mara tatu kwa sauti kubwa, kisha nyamazeni wote msikilize. Mtoto aliyekwama au aliyejificha huitika kwa sauti ndogo, na kelele za watu waliokusanyika humfunika. Gawaneni papo hapo. Mmoja abaki mlangoni wala asiondoke kwa sababu yoyote, maana mtoto anaweza kurudi mwenyewe akakuta nyumba imefungwa, akaondoka tena. Mmoja aingie ndani, mmoja ashuke ukutani mwa bahari, mmoja aende gatini. Mkiwa wawili tu, kazi ya kwanza ni maji.

Ndani, anzia birika. Nyumba nyingi za mawe bado zina birika chooni, limepakwa chokaa, lina visamaki vya kula viluwiluwi vya mbu, na ukingo wake mara nyingi humfika kifuani mtoto wa miaka mitatu. Hapo ndipo pabaya. Kichwa cha mtoto wa umri huo ni kizito ukilinganisha na mwili wake. Akiinama kutazama visamaki huenda kichwa mbele, na mikono yake haina nguvu ya kumrudisha. Hapigi kelele, kwa hivyo kimya cha chooni kisikupe moyo. Wala usichungulie tu: choo kina kiza na maji ya birika huonekana meusi. Tia mkono mpaka chini. Kisha angalia kisima, pipa, beseni kubwa la kufulia. Halafu kila kinachofungika: sanduku, friji mbovu iliyowekwa ukumbini, uvungu wa kitanda, nyuma ya mikeka iliyokunjwa, ngazi ya kwenda darini. Mtoto huweza kupitiwa na usingizi mahali pa ajabu kabisa. Chumba alichokiangalia mtu mmoja kiangaliwe tena na mwengine, kwa sababu mzazi aliyeshikwa na hofu hutazama asione.

Magofu nayo yasisahaulike. Kuta zimeanguka, majani yameota, na kisima cha nyumba ile ya zamani kinaweza kuwa bado kiko wazi chini ya majani hayo. Ingieni wawili wawili, mkiwa na tochi, mkipima kwa fimbo kabla ya kukanyaga.

Ukutani mwa bahari, swali la kwanza ni kama maji yanajaa au yanapwa. Yakiwa yamepwa, watoto hufuata kaa matopeni na kuingia chini ya mashua zilizolala ubavu. Yakianza kujaa huwazunguka kabla hawajatambua. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hupanda juu zaidi na kwa kasi zaidi kuliko wakati wa maji mafu. Angalia ndani ya kila mtumbwi na kila dau lililofungwa, chini ya turubai na chini ya tanga. Muulize nahodha aliye karibu mkondo wa saa ile unavuta wapi. Boti ianzie pale alipoonekana mtoto mara ya mwisho, ifuate mkondo polepole, na mmoja asimame mbele akiangalia.

Akitolewa majini akiwa hapumui, usimning'inize miguu juu wala kumkamua tumbo. Mlaze chali juu ya kitu kigumu, inua kidevu, mzibe pua, mpulizie mdomoni mara tano mpaka uone kifua kinainuka. Kisha bonyeza katikati ya kifua mara 30, kwa mwendo wa 100 hadi 120 kwa dakika, kifua kikididimia thuluthi moja, halafu pumzi mbili. Endelea hivyo hivyo bila kusimama huku mwengine akiita msaada wa hospitali. Ubongo huanza kuharibika baada ya dakika chache tu za kukosa hewa, ndiyo sababu maji yanatangulia mengine yote.

Gatini

Njia za kutoka kisiwani ni chache na zinajulikana: gati kuu na ngazi za ukutani, Shela, Matondoni, Kipungani. Boti huenda Mokowe, Manda penye uwanja wa ndege, na kisiwani Pate, hadi Faza na Kizingitini. Kila mahali pana watu wanaoshinda hapo kutwa, mabaharia, mahamali, wenye mikokoteni, wakata tiketi. Hao ndio macho yako.

Aliyetumwa gatini asiulize "Mmemuona mtoto?" Watoto hupita mamia, na jibu litakuwa hapana. Aulize hivi: "Tangu alasiri ni boti gani zimeondoka? Kuna mtu mzima aliyepanda na mtoto wa kiume wa miaka sita, fulana ya manjano?" Kisha aandike kwenye karatasi jina la chombo, nahodha, saa, na kinakokwenda. Nahodha aliye njiani apigiwe simu na nahodha mwenzake anayemjua. Sauti ya mtu mgeni anayelia humfanya akate simu, au, jambo baya zaidi, humfanya aseme kwa sauti mbele ya abiria kwamba anatafutwa mwizi wa watoto.

Wakati huohuo Mokowe ipigiwe, maana mabasi ya Mombasa huanzia pale. Barabara ya kupitia Hindi, Witu na Gamba hadi Garsen ina vizuizi vya polisi. Basi lililokwisha kuondoka bado linaweza kukaguliwa, lakini anayeweza kuviarifu vizuizi hivyo vyote kwa mara moja ni polisi. Kwa hivyo kituoni ni leo, ndani ya saa ya kwanza, hata kama utafutaji mtaani haujaisha. (Msomaji wa Malindi, weka stendi ya mabasi mahali pa gati, mengine ni yaleyale.)

Kituoni

Hakuna sheria ya Kenya inayokutaka ungoje saa 24 kabla ya kuripoti mtoto aliyepotea. Maneno hayo yameenea mno, na saa zinazopotezwa kwa kuyaamini ndizo saa zilizo bora. Ukiambiwa urudi kesho, jibu kwa adabu na usisogee: "Afande, naomba iandikwe kwenye OB sasa hivi." OB ni daftari la matukio la kituo. Usiondoke bila namba ya OB, maana kila utakayemwendea baadaye, afisa wa watoto, redio, mwenye basi, ataiuliza hiyo kwanza. Omba pia dawati la jinsia na watoto.

Piga 116. Ni simu ya watoto ya taifa, ya bure, inaitika usiku na mchana, na watakuunganisha na afisa wa watoto wa eneo. Namba za dharura za polisi ni 999 na 112. Chifu na mzee wa mtaa wapate habari kutoka kwako mwenyewe, si kutoka barazani, kwa sababu wao ndio watakaoulizwa na watu na wao ndio wanaoweza kuwatuliza.

Nenda na picha, cheti cha kuzaliwa au kitabu cha kliniki, na maelezo yaliyoandikwa. Maelezo mabovu ni haya: "Mtoto wa kiume, rangi ya kunde, kanzu nyeupe na kofia." Siku ya Maulidi ya Riyadha, sherehe ya msikiti wa Riyadha hapa Amu, maelezo hayo yanawafaa watoto elfu. Maelezo yanayofaa ni yale ambayo mtu asiyemjua anaweza kuyaona akiwa mbali kidogo: ndara za bluu, ya kulia kamba yake imefungwa waya; pengo la jino la juu mbele; kovu la moto juu ya mkono wa kushoto; husema kwa kigugumizi; hukimbia akiitwa na wanaume. Neno hili la mwisho ni muhimu kuliko linavyoonekana. Mtoto asiyesikia hatajibu akiitwa, wala mwenye kifafa akiwa ameshikwa nacho; mwenye usonji naye huenda asijibu, na mara nyingi huvutwa na maji. Lisemwe mwanzo kabisa.

Kwa sababu hiyo, kila asubuhi ya Maulidi, na kila siku ya mashindano ya punda au tamasha, mpige mtoto picha moja kabla hamjatoka: mzima, kutoka kofia hadi viatu. Muandikie namba yako ya simu kwa kalamu ya wino usiofutika sehemu ya ndani ya mkono, si kwenye karatasi ya mfukoni. Jina lake usiliandike mahali panaposomeka na kila mtu, maana mtoto humuamini upesi anayemwita kwa jina.

Kutangaza bila kuwasha moto

Sasa simu na vipaza sauti. Msikiti ndio njia ya haraka kuliko zote Amu, na maneno yatakayosomwa pale ndiyo yatakayoamua kama mji utatafuta au utawinda. Mwandikie muadhini, asitunge mwenyewe:

"Anatafutwa mtoto, jina lake fulani mwana wa fulani, miaka sita. Amevaa fulana ya manjano na ndara za bluu. Ameonekana mwisho Langoni, saa kumi na nusu. Atakayemuona akae naye hapohapo, asimhamishe, apige namba hii."

Lisomwe mara tatu, polepole. Tazama lisilokuwamo: neno "ameibiwa". Ukisema "anatafutwa", watu hufungua milango na kuangalia visimani. Ukisema "ameibiwa", watu hutoka na marungu wakamtafute mwizi, na mtoto anayelia chini ya mashua hakuna anayemsikia. Mpaka kuwe na aliyeona kwa macho yake mtoto akichukuliwa, neno ni "anatafutwa".

Tangazo la simu liwe picha moja yenye maandishi juu yake, si sauti. Sauti haina tarehe, na sauti ya mama anayelia husambaa kwa miaka. Andika tarehe kamili pamoja na mwaka, saa na mahali alipoonekana, mavazi, namba ya OB, simu ya kituo na simu moja ya jamaa mtulivu. Usiweke nyumba mnayokaa wala jina la skuli. Usitaje kiasi cha zawadi. Kiasi kikitajwa, matapeli hufika kabla ya msaada.

Nao watapiga. Mtu atasema anaye mtoto na anataka pesa za M-Pesa, za nauli, za dawa, za kumtoa mahali. Muulize jambo moja analolijua mtoto peke yake: paka wake anaitwaje, nyanya yake humwita nani. Aliye na mtoto kweli ataweza kuuliza na kujibu. Tapeli hukasirika au huongeza haraka. Usitume hata shilingi mia. Andika namba na saa, rekodi kama simu yako inaweza, na upeleke kituoni siku hiyohiyo. Simu iliyo kwenye tangazo ikae kwenye chaji na isitumiwe kwa maongezi mengine. Pole za jamaa zipokewe kwenye simu nyengine.

Mumiani, na mgeni aliyezungukwa

Watu wa pwani wamewaogopa mumiani tangu zama za mababu, watu wanaodhaniwa kuvizia wengine usiku ili wawanyonye damu ya kufanyia dawa. Jina hubadilika, leo ni gari jeusi au wauza figo, hadithi ni ileile. Hofu hii haitoki hewani. Biashara ya kuuza watu ipo kweli, na sheria ya Kenya ya mwaka 2010 dhidi yake inaweka kifungo kisichopungua miaka 30 au faini isiyopungua shilingi milioni 30. Lakini anayemchukua mtoto mara nyingi ni mtu anayejulikana nyumbani: mzazi waliyeachana, jamaa, rafiki wa familia, mwenye ahadi ya kazi au masomo mjini. Uvumi humuelekeza kila mtu kwa mgeni, na mgeni ndiye anayepigwa.

Lilivyo hatari jambo hili lilionekana India mwaka 2018, ambako ujumbe wa uongo wa watekaji watoto ulisambazwa kwa WhatsApp na watu wasio na hatia wakauawa na makundi. Kampuni ilipunguza usambazaji huko uwe mazungumzo matano kwa mara moja, ikafanya hivyo duniani kote Januari 2019, na Aprili 2020 ikaweka kwamba ujumbe uliokwisha sambazwa mara nyingi uende kwa mtu mmoja au kundi moja tu kila mara. Ujumbe wa namna hiyo utaujua kwa alama ya mishale miwili juu yake. Ukiuona, tafuta vitu vinne: jina la mtoto, tarehe, mahali, namba ya OB. Kikikosekana hata kimoja, usiupeleke mbele. Piga kituo uulize. Msimamizi wa kundi la mtaa aufute na aandike sababu, maana kuufuta kimya huwafanya watu waseme kuna kinachofichwa.

Mkimuona mtu mzima na mtoto anayelia, na mna shaka, kazi yenu ni mbili tu: chombo kisiondoke, na mtu yule asiguswe. Msalimu kwanza. Muulize mtoto anaitwa nani na mamake ni nani, kisha ndiyo umuulize mtu mzima maswali yaleyale. Baba anayetoka hospitalini na mwana mgonjwa atajibu. Shaka ikibaki, waingizeni wote wawili dukani au ndani ya uwanja wa msikiti, mwanamke mmoja akae na mtoto, piga polisi. Watu wakianza kukusanyika, watatu wenye heshima mtaani wasimame mlangoni wakiwapa mgongo walio ndani. Asipigwe picha. Na anayetaka kurusha jiwe aambiwe jambo hili waziwazi: kama mtu huyu amemchukua mtoto kweli, yeye peke yake ndiye ajuaye alipo mtoto. Mkimuua, mmempoteza mtoto mara ya pili.

Mwanya wa chuo

Kamba hukatikia pembamba, na pembamba pa siku ya mtoto wa Amu ni kati ya skuli, chuo (yaani madrasa) na nyumbani. Mama anajua mwana yuko chuoni, maalimu anadhani mwana ana homa, na kutokuwapo kwake hugunduliwa Magharibi, saa tatu zimekwisha pita. Dawa yake ni daftari la shilingi chache. Maalimu aite majina mwanzo wa somo. Asiyeitika, ndani ya dakika 15 mzazi apate ujumbe: "Fulani hajafika." Mzazi naye akimzuia mtoto nyumbani aarifu mapema. Kwenye ukurasa wa kwanza yaandikwe majina mawili ya wanaoruhusiwa kumchukua kila mtoto. Asiyekuwamo, hata akiwa ami yake, mzazi apigiwe kwanza. Ami mwema hatakasirika.

Mtoto mwenyewe afunzwe mambo machache, yarudiwe mpaka yawe kama wimbo. Jina kamili la mamake na la babake, maana mtoto akisema mamake anaitwa "Mama" hakuna wa kumsaidia. Namba moja ya simu, tarakimu kumi, iimbwe. Neno la siri la nyumbani, ambalo atakayetumwa kumchukua lazima alitaje. Akipotea, asimame hapohapo au amwendee mama mwenye watoto au mwenye duka, na asipande chombo chochote kwa ahadi ya kupelekwa kwao. Kumwambia tu "usiseme na usiowajua" hakumkingi na anaowajua. Mwambie badala yake: mtu yeyote akikwambia hili ni siri usimwambie mama, hilo ndilo la kumwambia mama kwanza.

Aliyepotea akiwa na miaka 14 au 16 anahitaji njia nyengine. Usiipigie simu yake mfululizo mpaka chaji iishe. Mwachie ujumbe mmoja wa upole, kisha wape polisi namba, maana simu iliyo hai yaweza kuonyesha alipo. Kaa na rafiki zake mmoja mmoja, bila wazazi wao, uwaahidi hutawagombeza. Angalia nguo zipi hazipo, kitambulisho au cheti kama kimechukuliwa, na nani alikuwa akimzungumzia kazi Mombasa au ng'ambo.

Akipatikana

Ukimkuta mtoto usiyemjua, mpe maji, kaa naye alipo, piga simu. Asipopatikana mzazi wake, nenda naye kituoni au kwa afisa wa watoto ukiwa na mtu mwengine wa kushuhudia. Kumlaza kwako usiku kucha kwa huruma kunawaongezea wazazi usiku wa mateso, na wewe unaweza kuulizwa ulimfichia nini.

Akiwa wako, mkumbatie, usimpige. Mtoto anayepigwa kwa kupotea, siku ya pili hujificha akisikia anaitwa. Kama kuna dalili au shaka kwamba amedhuriwa, usimuogeshe. Nguo alizovaa zitiwe kwenye mfuko wa karatasi, si wa plastiki, kwa sababu unyevu ndani ya plastiki huozesha ushahidi. Hospitali ni mara moja. Dawa za kuzuia maambukizi ya HIV lazima zianze ndani ya saa 72, na kila saa inayopita hupunguza nguvu zake. Fomu ya P3, ile ya polisi ambayo daktari huijaza, ni ya bure. Muulize swali moja tu, "Ilikuwaje?", uandike maneno yake kama alivyoyasema, kisha uwaachie wanaojua kazi hiyo. Akiulizwa na mashangazi kumi, maelezo yake yatabadilika, na wakili atayatumia mabadiliko hayo mahakamani.

Rudi kituoni OB iandikwe kwamba amepatikana, la sivyo vizuizi vitaendelea kumtafuta mtoto aliyelala kwao. Msikitini litangazwe hivyo hivyo mara tatu. Picha ileile ya tangazo irudishwe kwenye kila kundi ilikopelekwa, ikiwa na neno AMEPATIKANA na tarehe kwa herufi kubwa juu ya uso wake, na karatasi zilizobandikwa gatini na Mokowe zibanduliwe na mkono wa aliyezibandika.